Sisi Si Watoto, Si Wajawazito, Kwa Hivyo Sindano Si Yetu?

Wasee, leo sina skiti. Anayetaka kicheko apite tu, tutaonana Ijumaa kama kawaida. Leo nataka tuongee mambo ya chanjo.

Najua vile unafikiria. Ukisikia chanjo unaona mtoto analia kliniki, mamake anamwambia "pole pole, imeisha." Ama unaona mama mjamzito kwa foleni na kile kitabu chake cha kliniki. Ukiwa na miaka 17 hizo stori unaona ni za watu wengine. Mimi pia niliona hivyo, mpaka mwezi wa kwanza mwaka huu, wakati mdogo wangu aliniuliza swali la maneno matatu nje ya kituo cha afya nikakosa jibu.

Nitafika hapo. Lakini wacha nianze na aibu yangu, ndio usidhani nimekuja kukuhubiria.

Mwisho wa mwaka wa 2021 serikali ilisema vijana kuanzia miaka 15 sasa wanaweza kudungwa chanjo ya Covid. Mimi nilikuwa nimeingia tu kampasi, mwaka wa kwanza, simu yangu ina kioo kimepasuka, na wafuasi mia mbili hivi, nusu yao watu wa darasa letu. Nikarekodi skiti. Mimi ndio nesi, mimi ndio msichana, mimi ndio mama mkwe. Nesi anadunga msichana. Msichana anaolewa. Miaka inapita, mama mkwe anauliza wajukuu wako wapi. Nesi anatokea kwa dirisha akicheka. Sekunde 40, kwisha.

Sikuwa nimesoma kitu chochote. Yalikuwa maneno niliyosikia kwa matatu, nikayavalisha leso na wigi.

Nikalala. Kuamka, watu laki moja wameiona. Wiki ikiisha ilikuwa imepita laki nne. Watu wananisimamisha geti ya kampasi. Hiyo ndiyo video iliyofanya niitwe kontenti krieta. Mkiona nimefika hapa, nilianzia pale.

Kwani niliamini hayo maneno? Hapana. Lakini pia sikuyakataa. Sikujali. Nimefikiria sana nikaona kutojali kwangu kulikuwa kubaya kuliko kuamini, kwa sababu anayeamini angalau anaogopa kitu. Mimi nilikuwa nahesabu namba tu.

Sasa, kuna mtu mmoja aliyeamini, na alikuwa anakaa nyumba moja na mimi. Mdogo wangu. Alikuwa darasa la sita, miaka 12.

Turudi nyuma kidogo ndio uelewe nyumba yetu.

Oktoba 2019, Uhuru Kenyatta akiwa rais, serikali ilizindua chanjo ya HPV kule Mombasa. Ilikuwa ya wasichana wa miaka 10, sindano mbili, ya pili baada ya miezi sita, bila malipo. HPV ni kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 10 kamili, darasa la nne hapa Thika. Mimi nilikuwa bweni, kidato cha tatu, kwa hivyo haya niliambiwa baadaye. Barua ilitoka shule, mzazi aisome arudishe jibu. Mathe aliisoma mara moja, akasema mtoto wake hatadungwa kitu cha kumfunga kizazi. Jioni hiyo barua iliwasha jiko.

Tafadhali usimcheke mamangu. Nimeona watu huku mtandaoni wakiita wazazi kama yeye wajinga na mimi hiyo sikubali. Mwaka wa 2014 kulikuwa na kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Kanisa Katoliki hapa Kenya walitoka wakasema chanjo hiyo imewekwa homoni ya kuzuia mimba. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF wakakana. Kelele ikawa kubwa, magazeti, redio, kila mahali. Mathe ni mtu wa kwaya. Yeye hakusoma gazeti, alisikia akiwa amekaa kwa benchi kanisani, kutoka kwa watu waliobatiza watoto wake na kuzika wazazi wake. Yeye alikuwa ndani ya hiyo miaka 14 hadi 49. Hakuenda.

Sasa jiweke kwa viatu vyake. Miaka mitano baadaye shule inakuletea barua kwamba kuna sindano mpya. Ni ya wasichana peke yao, wavulana hapana. Na inahusu mambo ya kizazi. Ungefikiria nini? Hakuna mtu aliyekuja kukaa naye amweleze kwa nini ni wasichana, kwa nini miaka 10, kwa nini sasa. Ilikuja karatasi. Karatasi haijibu maswali.

Halafu miaka miwili baadaye binti yake mkubwa, msomi wa kampasi, anatoka kwa simu akiwa amevaa leso, anasema kile kile alichokuwa anaogopa. Alicheka hiyo video mpaka machozi. Akaituma kwa grupu ya kwaya. Akasema, "Mnaona? Hata watoto wa siku hizi wanajua."

Mwaka uliofuata, 2022, anti yetu, mdogo wake mamangu, alianza kutokwa damu katikati ya mwezi. Akanunua dawa kwa kemisti. Ikapoa, ikarudi. Akaambiwa ni fibroidi, akaambiwa ni umri, ingawa alikuwa na miaka 40 tu. Mpaka apimwe vizuri ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi na ilikuwa imeenda mbali.

Wale mnajua, mnajua. Safari za Nairobi za matibabu ya mionzi. Namba ya paybill kwa kila grupu. Harambee ya kwanza watu wanakuja wengi, ya pili wanapunguka, ya tatu mnabaki nyinyi na jirani. Mathe aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na babangu. Ilipofika karo yangu ya mwaka wa pili, tulikaa mezani sisi watatu, na hakuna mtu alihitaji kusema chochote. Nikarudi nyumbani.

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo, na mara nyingi hujibu na mzaha kwamba TikTok inalipa kuliko digrii. Hailipi. Niliacha kwa sababu karo ilienda hospitali, na ningeipeleka tena. Anti alifariki Agosti 2023, na miaka 41.

Siku moja kabla ya hapo, daktari mmoja, msichana tu kama mwenye miaka 30, alitukalisha akatueleza ugonjwa wenyewe. Kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi huletwa na HPV. Kwamba kirusi hicho hupitishwa kwa ngono na watu wengi sana hukipata wakati fulani maishani, mwili wa wengi hukiondoa wenyewe, lakini kwa wengine kinabaki kimya miaka na mikaka mpaka kigeuze seli. Kwamba kuna aina nyingi lakini mbili, namba 16 na namba 18, ndizo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani hizi. Kwamba Kenya inapoteza wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka.

Mathe akauliza, "Na daktari, hakuna chanjo ya hii kitu?"

"Iko mama. Ya serikali. Ya bure."

Tulirudi na matatu ya jioni. Kuanzia Ngara mpaka Ruiru hakusema neno. Halafu akasema tu, "Ile barua." Akanyamaza tena mpaka Thika.

Na hapa ndipo pananiuma mpaka leo. Wakati huo mdogo wangu alikuwa na miaka 14. Bado alikuwa ndani. Huduma ya bure ilikuwa imefika hadi miaka 14. Tungemchukua kesho yake asubuhi tu. Lakini tulikuwa na mgonjwa, halafu tukawa na maziko, halafu ikaja KCPE, halafu ikaja kununua sanduku la kidato cha kwanza. Akatimiza 15 akiwa shule. Mlango ukafungwa na sisi hatukuusikia.

Sasa tufike mwaka huu. Januari, kabla shule zifunguliwe, nikasema yaishe. Nikamchukua mdogo wangu, miaka 16, tukaenda kituo cha afya karibu na kwetu. Tulifika saa mbili asubuhi. Nesi alikuwa mama mpole, hana haraka na watu. Akaniuliza, "Huyu mrembo ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita, sista."

"Aah, pole. Hii yetu ni kumi mpaka kumi na nne. Mmechelewa kidogo tu."

Sikumkasirikia. Yeye hajatunga hiyo sheria na dozi alizo nazo zimehesabiwa. Lakini tulikaa pale nje kwa benchi kungoja jua lipungue nikaanza kuangalia ukuta. Bango la chanjo za watoto: wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na nne, miezi tisa. Bango la mama mjamzito. Bango la mtoto wa kunyonya. Bango la wazee na presha. Nikatafuta mtu wa umri wa mdogo wangu kwa huo ukuta wote nikamkosa.

Ukifikiria, ni hivyo kila mahali. Julai 2025 kulikuwa na ile kampeni kubwa ya chanjo ya homa ya matumbo, taifodi, nchi nzima. Ilikuwa ya kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Ya surua na rubela iliyoenda nayo ilikuwa ya walio chini ya miaka mitano. Ukipita 14 wewe si mtoto. Na kama huna mimba, wewe si mama. Kutoka hapo hakuna mtu anakuita tena mpaka ukanyage msumari ama upate ujauzito. Na hii ndiyo miaka tunatoka nyumbani, tunaenda bweni, tunaenda kampasi, tunaanza mapenzi, tunaanza kazi za mjengo. Yaani mwili unaingia vitani siku ile ile jeshi linaenda likizo.

Ni pale kwa benchi mdogo wangu aliniuliza.

"Na wewe umedungwa?"

Nikanyamaza. 2019 wakati chanjo inaanza mimi nilikuwa na miaka 16, nimeshapita. Haikuwahi kuniingia akilini kwamba naweza kuitafuta. Nimemkokota mtoto wa watu asubuhi mapema kwa sindano ambayo mimi mwenyewe sina.

Halafu akaongeza, bila hasira, kama mtu anauliza bei ya sukuma, "Si wewe ndio ulisema inafunga kizazi?"

Anaikumbuka ile skiti neno kwa neno. Aliniigiza mpaka ile sauti ya mama mkwe. Nikamwambia hiyo ilikuwa Covid, si hii, halafu nikajisikia vile nasema nikanyamaza. Kwani kuna tofauti? Mtoto wa miaka 12 hakusikia jina la chanjo. Alisikia dada yake akisema sindano ya nesi inakula watoto wako. Nikamwambia, "Nilidanganya. Nilikuwa nataka watu wacheke." Akaniangalia. Akasema, "Sawa." Lakini unajua "sawa" ya mtu wa miaka 16 ina vyumba vingi ndani.

Usiku huo nilisoma, kitu ambacho ningefanya 2021. Nilitarajia kupata kwamba chanjo haifanyi kazi ukishapita 14, ndio maana wakaweka mpaka hapo. Nilipata kitu kilichofanya nikae wima kitandani.

Kulikuwa na utafiti unaitwa KEN SHE. Ulifanywa hapa Kenya. Walichukua wasichana na wanawake vijana 2,275. Wa miaka mingapi? 15 hadi 20. Kutoka wapi? Kisumu, Nairobi, na Thika. Thika hii yetu! Swali lilikuwa kama dozi moja ya HPV inatosha badala ya mbili au tatu. Wengine wakapewa HPV dozi moja, wengine wakapewa chanjo ya meninjaitisi ili walinganishwe, na hao nao wakapangiwa kupewa ya HPV baadaye. Matokeo yalitoka 2022. Baada ya mwaka mmoja na nusu, dozi moja ilikuwa imewakinga na zile aina mbili hatari, 16 na 18, kwa zaidi ya asilimia 97.

Desemba 2022 WHO wakabadilisha mwongozo wao: msichana wa miaka 9 hadi 20 anaweza kupewa dozi moja au mbili. Kuanzia 21, mbili, zipishane miezi sita. Nchi zikaanza kuhamia dozi moja, kwa sababu dozi moja ni nusu ya gharama na mtoto hahitaji kutafutwa mara ya pili. Mwaka wa 2025 Kenya nayo ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14.

Umeshika hiyo? Wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 20 ndio walinyoosha mkono ukapimwa. Ni kwa sababu ya mikono yao dunia ilipata ushahidi kwamba sindano moja inatosha. Na leo msichana wa Kenya wa miaka 15, anayekaa mtaa ule ule, akienda kituo cha afya anaambiwa amechelewa kidogo tu.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu nimejifunza. Hakuna njama. Miaka 10 hadi 14 ilichaguliwa kwa sababu ya maana: chanjo hii inafanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza ngono, kabla kirusi hakijaingia. Haiponyi maambukizi ambayo tayari unayo. Na dozi hazitoshi kila mtu na pesa pia. Ukiwa na debe moja la maji unaanza kumwagilia mche. Hiyo naelewa. Lakini waliokuwa na miaka 10 mwaka wa 2019, 2020, 2021, wakati wa kelele na shule kufungwa na barua kuwasha jiko, hawakukosa kwa kupenda. Ni sisi wakubwa tuliwakosesha. Hao sasa ndio wako na 15, 16, 17. Kungekuwa na mlango wa nyuma wa kuwaingiza, hata miaka miwili tu, halafu ufungwe. Ningependa mtu wa wizara anieleze kwa nini hilo haliwezekani.

Kwa sasa anayetaka baada ya 14 anajinunulia. Nilipiga simu kliniki tatu za kibinafsi, bei zote ni za maelfu. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mkono hiyo ni kodi ya nyumba.

Nilimwambia mathe bei nikidhani atasema tungoje. Aliingia chumbani akatoka na pesa za chama, zamu yake ilikuwa imefika Desemba. Alikuwa amepanga kununua tangi la maji. Akahesabu mara mbili, akanipa, akasema, "Na yako ongeza wewe." Ya tangi tutaona.

Tulienda sisi watatu. Kabla ya kuingia mathe alimuuliza mdogo wangu kama anataka kweli, kwa sababu safari hii hakuna mtu anaamuliwa na barua wala na video. Akasema anataka. Halafu akamuuliza daktari maswali yake mwenyewe, nilishangaa alikuwa nayo sita, ameyaandika kwa kiganja. Ya kwanza ilikuwa ile ile: nitazaa? Daktari hakucheka. Alimjibu polepole kwamba chanjo haigusi uzazi, na kwamba kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake. Mathe aliangalia chini. Sote tulikuwa tunamwona anti.

Mdogo wangu alidungwa dozi moja. Mimi, miaka 22, ni mbili. Mkono uliniuma siku nzima kama nimepigwa ngumi. Walitukalisha dakika 15 kwanza kabla ya kutoka kwa sababu kuna vijana huzimia wakidungwa. Mdogo wangu hakuzimia. Mimi ndiye nilihitaji maji.

Na nyinyi wavulana msikae hapo mkidhani hii ni stori ya wasichana. Nawauliza: mara ya mwisho umedungwa pepopunda ilikuwa lini? Kama hujui, pengine ulikuwa na wiki 14. Zile tatu za utotoni kinga yake hupungua na miaka, ndio maana WHO wanashauri nyongeza, pamoja na moja kati ya miaka 9 na 15. Wasichana wengi huipata wakishika mimba. Nyinyi hamshiki mimba. Kiini cha pepopunda kinakaa kwa udongo na kinyesi cha mifugo, kinaingia kwa jeraha, na ugonjwa ukishashika hospitali inapigania maisha yako, haina dawa ya kuufuta. Kuna wavulana Afrika waliokufa kwa pepopunda baada ya kutahiriwa, mpaka WHO wakaangalia upya mwongozo wa chanjo katika ile miradi ya tohara. Kwa hivyo kabla ya kutahiriwa, kabla ya kuanza kazi ya mjengo ama gereji, uliza. Binamu yangu fundi wa kuchomelea alikanyaga chuma akafunga na kitambaa, ati itapona. Nilimpeleka na nduthi mwenyewe.

Mengine kwa ufupi. Kama mdogo wako ana miaka 10 hadi 14, HPV ni bure, mpeleke kituo cha afya cha serikali, usingoje shule. Kama anaishi na HIV, dozi zake si sawa na za wengine, ongea na kliniki yake. Kama wewe umepita 14, uliza bei mahali zaidi ya pamoja, na uliza kabla ya kukata tamaa. Kama unaenda kusomea uuguzi au maabara, uliza ya hepatitisi B. Kama unaenda nje, uliza ya homa ya manjano mapema, kuna nchi hazikuruhusu kuingia bila cheti. Na hata ukidungwa HPV, ukifika miaka 25 bado nenda ukapimwe mlango wa kizazi, kwa sababu chanjo haizuii aina zote. Tafuta kile kitabu chako cha kliniki nyumbani. Changu kilikuwa chini ya godoro la mathe, pamoja na cheti cha mazishi cha anti.

Ile skiti nimeifuta. Lakini wiki iliyopita mtu alinitumia, imeokotwa na akaunti nyingine, imeongezwa muziki, inazunguka tena. Uongo hauzeeki, mimi ndio nazeeka. Nimerekodi nyingine ya kusahihisha. Mdogo wangu alikubali kuonekana, lakini mkono tu, na plasta. Mpaka naandika hapa imetazamwa na watu 3,100. Ile nyingine laki nne. Hiyo hesabu mnaiona vile mimi naiona. Kama ulicheka na ile, fanya hisani, tuma hii kwa watu wale wale uliowatumia ile.

Dozi yangu ya pili ni Julai. Mathe amesema tutaenda pamoja, halafu tupitie kwa duka tuulize bei ya tangi.

Na kama uko na mtoto wa miaka 10 hapo nyumbani, barua ikija, isome mara mbili. Ukiwa na swali, libebe mpaka kituoni umuulize nesi. Jiko unaweza kuwasha na kitu kingine.